Usizime Kompyuta Yako

Jumanne usiku, theluji ikishuka juu ya Łódź
kama pamba ilivyopeperuka enzi za viwanda,
mama yangu akiwa zamu ya tatu,
kompyuta yangu ya mezani iliandika kwa upole:
Tunatayarisha masasisho. Usizime kompyuta yako.
Sikuizima. Mimi ni nani niizime?
Niliifunika cherehani kwa shuka, nikaenda kulala.

Ni cherehani ya kutarizi, sindano kumi na tano,
niliinunua kwa mkopo mwaka niliofiwa na Lechosław.
Haina akili yake. Humsikiliza huyo wa mezani
kupitia kebo nene kama kidole gumba,
na katikati yao programu ndogo, mkalimani mzee
ambaye kampuni iliyomzaa ilishakufa.
Miaka kumi na tisa wamezungumza watatu hao
bila kugombana.

Asubuhi skrini ilipendeza.
Pembe zote zimeviringwa, kitufe cha kuanzia
kimehamia katikati kama bwana harusi,
na kando, habari za hali ya hewa
ninayoiona dirishani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajiambia.

Nikatega bendera kwenye fremu, hariri nyekundu
ya wazimamoto wa kujitolea wa Olszyny Małe,
wanaotimiza miaka mia Jumamosi:
Mtakatifu Floriani na ndoo yake
akiimwagia maji nyumba inayowaka.

Mshono wa elfu mbili, cherehani ikasita.
Ikasogea milimita nne kushoto
kama mlevi anayepisha nguzo,
ikaendelea kwa uhakika uleule.
Jicho la mtakatifu likaangukia shavuni.
Maji yakakosa nyumba.
Kisha skrini ikawa buluu tupu,
ikaniomba radhi kwa kosa
ambalo haikulitaja.

Ksawery alikuja na begi lake na mafua yake.
“Mkalimani wako kafukuzwa,” akasema.
“Hana sahihi. Mfumo mpya haumwamini
asiye na sahihi.”
Miaka kumi na tisa, nikasema.
“Hauhesabu miaka.”
Saa tatu alikuwa akiurudisha mfumo wa zamani,
huku akipenga kamasi na kunywa chai yangu,
na mlangoni akageuka:
“Ila usikae hivi. Unamkumbuka Halszka?”

Namkumbuka. Daktari wa meno, ghorofa ya chini.
Miaka miwili alibonyeza Nikumbushe baadaye,
hadi siku meno ya mtaa mzima, picha na madeni,
yalipofungiwa na watu asiowajua,
wakidai fidia kwa barua
yenye sarufi safi kuliko za wizara.
Walipitia tundu ambalo kiraka chake
alikuwa amekiahirisha tangu Pasaka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa. Mimi niliziba,
na ukuta nikajenga vilevile.

Alhamisi nzima nilifumua jicho kwa wembe
nikalitarizi upya kwa mkono, nikiwa na miwani miwili.
Maji sikuwahi kuyagusa.
Kamanda Gniewomir aliyatazama kwa muda,
akapitisha kidole pale yalipokosa paa.
“Ndivyo yanavyomwagika kweli,” akasema, akalipa.

Sasa ninazo mbili mezani.
Moja nimeikata na dunia: haina intaneti,
haijui kwamba mwaka umebadilika,
inaongea na cherehani tu, kwa lugha yao ya zamani.
Imetulia. Haijaanguka hata mara moja.
Imetulia kama Lechosław alivyotulia.

Ya pili naiachia ipokee kila kinachokuja.
Jumanne hutetemeka, huzima, huwaka,
hupoteza printa, huipata printa,
husahau lugha ya kibodi yangu.
Naikaripia kama mtu.

Usiku huu theluji tena. Asilimia thelathini na moja.
Nimekaa gizani na sindano ya mkono
nikimalizia ukingo wa mpaa wa altare,
duara dogo la mwanga likizunguka, likizunguka,
nami siendi kulala
hadi nijue itaamka ikiwa nani.