Damu ya Mzee

Bi Chausiku alinirudishia flashi
ndani ya bahasha ileile ya mwaliko.
"Umenipigia harusi, au umenipigia msiba?
Nilikukabidhi mtoto maji ya kunde,
umenirudishia majivu."

Nikajitetea. Ukumbi ule wa Tandika,
dari ya chini, umeme ulikatika mara mbili kabla ya keki,
ikabaki taa yangu peke yake.
Bila ile, nikasema, msingeona hata kisu.
"Kisu nilikiona.
Zaituni ndiye sijamwona."

Jumatatu tukaenda Kariakoo, yeye mbele.
Sikumwalika.
Mkobani kipande cha sare kilichobaki kwa fundi,
damu ya mzee,
kimekunjwa kama barua.

Duka la Sanga lina upana wa mlango wake.
Taa anazijua kwa idadi ya vijitaa:
hii mia na sitini, hii mia tatu,
hii ukiiwasha hapa, Kigamboni wanaamka.
Akaiwasha. Tukafumba macho wote watatu.
Mkono wangu ulishaingia mfukoni.

Bi Chausiku akakunjua kitambaa.
Miaka ishirini na sita ameuza vitenge
mtaa wa tatu kutoka pale;
anajua kuwa taa mbaya humuuzia mtu nyeusi
akafika nayo nyumbani bluu.
Akakiweka chini ya taa ya Kigamboni:
maji ya kutu.
Akatoka nacho nje, juani,
katikati ya wabeba mizigo wanaopiga mluzi wapishwe:
damu ya mzee.
Akarudi ndani. Kutu.
Akatoka. Damu.
Mtu wa mkokoteni akamuuliza kama anauza.

"Hii," akamwambia Sanga, "ni taa ya kutafutia sindano.
Tuletee ya kumtazamia mtu."

Zikaja sita. Moja ilimtia kitambaa ukijani wa mgonjwa,
moja ilichemka mpaka Sanga akaidondosha,
nyingine nilipoipachika juu ya kamera
kamera ikainamisha kichwa kama aliyefumaniwa.

Ya saba ilikuwa ndogo, sawa na kisahani cha chai,
na kigurudumu pembeni:
ukikizungusha, mwanga unatoka weupe wa hospitali
unakuja polepole mpaka unjano wa kibatari.
Sanga mwenyewe aliionea haya.
"Hiyo ya wanaojirekodi wakipika.
Betri saa moja na nusu, na ukiikaza, haifiki."

Ndani: damu ya mzee.
Nje: damu ya mzee.
Kisha akaweka mkono wake chini ya mwanga,
akaugeuza, kiganja, mgongo wa mkono,
hina ya harusi imebaki nusu ya kucha,
na kila kahawia ilikaa mahali pake.
Hakusema kitu.
Akaanza kupatana bei.

Laki na thelathini, na betri ya pili juu.
Nililipa mimi. Risiti akaishika yeye.

Harusi hairudiwi; bwana harusi alisharudi Mtwara kazini.
Jumamosi Zaituni alivaa gauni tena, akaketi kwenye kochi,
akacheka, akasahau kucheka, nikampiga vyote viwili.
Umeme haukuwapo tangu saa tisa.
Alipokwenda kubadilisha nguo
mama yake akakaa palepale, akatengeneza mtandio.

"Usinimwagie," akasema.
"Kung'aa, hata bati linang'aa.
Mimi nataka nionekane."

Nikamgeuzia kioo cha kamera ajitazame.
Nikazungusha kigurudumu kwa kidole kimoja,
nikapita ubaridi, nikapita maziwa,
na juu ya nyusi yake ya kushoto
likajitokeza kovu dogo, refu kama punje ya mchele,
ambalo harusi nzima sikuwa nimelipiga.

"Hapo," akasema.
Kisha, alipoona kidole changu kinasogea:
"Na hilo liache."