Ng'ombe wa Manjano

Injinia Lutengano anasema: hilo gugu ling'oe,
bikoni ionekane, mnunuzi anakuja saa tisa.
Niko Ihumwa, kiwanja namba mia nne na kumi na mbili,
panga mkononi, jasho machoni,
na mbele yangu mtula mmoja umesimama,
miiba hata mgongoni mwa majani,
majani yenyewe ya kijivu, kama yana vumbi
hata siku ya mvua.

Gugu.
Sawa. Wengine huita ndulele. Halilimwi, halinunuliwi.
Mbuzi akilifikia hugeuza shavu.

Lakini mwaka ule wa njaa, kule Mlowa,
nilipolia jino usiku kucha,
mama yangu Mbeleje alitoka na jembe la mpini mfupi
akarudi na mzizi, udongo ungali umeushika.
Tafuna upande huu. Maji yake tema.
Nimesema tema.
Zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima,
ganzi ilikuwa nyuma ya zizi.

Utomvu wa tunda alimpaka ng'ombe chuchuni,
ndama aliyekwisha ota pembe aachane na maziwa.
Na mimi pia, inasemekana.
Silikumbuki hilo; husimulia shangazi Nyawawa,
kwa makusudi, mbele ya wakwe:
nilionja, nikakunja uso kama mzee aliyedhulumiwa shamba,
sikurudi tena.
Uchungu wangu wa kwanza duniani ulitoka kwenye mti huu,
na mkono ulioupaka
ndio ulionifuta machozi.

Tulichunga matula, sisi tusio na mifugo.
Boma la vijiti, ndani yake matunda ya manjano;
mabichi yenye mabaka ndiyo ndama.
Nhonya aliniibia fahali.
Tulipigana mpaka giza.

Nimekata. Kibarua ni kibarua.
Mwiba ukaniingia gumbani. Haki yake.

Jioni, chumbani Chang'ombe,
Matika anapekua mfuko wa suruali yangu.
Baba, hii nyanya?
Namwambia asilitie mdomoni.
Nachomeka njiti nne za kiberiti,
mbili nyingine za pembe,
nalisimamisha juu ya saruji.
Linaegemea kushoto kidogo.
Analitazama.
Kisha anakwenda kwenye ndoo,
anarudi taratibu, asimwage,
na kifuniko cha soda chenye maji
anakiweka mbele yake.