Kitasa na Komeo

Kesho saa kumi tunacheza na Vingunguti.
Nyuma ya risiti ya Luku nimeandika kipa,
mabeki wa pembeni, viungo, mawinga,
hata watakaokaa benchi na kubeba maji.
Namba nne na namba tano ziko wazi
kama mlango wa nyumba iliyohamwa usiku.

Mimi ni fundi vitasa, Buguruni, jirani na sheli.
Watu huniletea milango yao kwa maneno:
"Fundi, ufunguo unazunguka lakini haushiki."
Naelewa. Nina beki wa namna hiyo.

Nilianza na Kulwa na Doto.
Nani asingeanza nao? Tumbo moja, ziwa moja,
na mwenye kipaza sauti alishaandaa utani wake.
Krosi ya kwanza wakaruka wote wawili,
vichwa vikagongana ko! kama vifuu,
mpira ukapita zake.
Wazo moja katika miili miwili,
na nyuma ya wazo hilo, uwazi wa ekari nzima.
Mama yao alikuwepo. Alinitazama mimi, si wao.

Chikoti ana miaka thelathini na nane
na goti analoliomba ruhusa kila asubuhi.
Hakimbii; hufika.
Lakini winga wao ni kijana wa maji ya chupa, Tazara,
anayekimbiza magari kudai mia tano yake
taa zikishawaka kijani.
Nani atamfikia huyo kwa kusoma mchezo?

Fikirini atamfikia.
Ila Fikirini ni maziwa jikoni:
geuka kidogo tu, keshamwagika,
yuko katikati ya uwanja anagombea mpira usio wake.
Anahitaji mtu wa kubaki.
Na anayebaki, katika timu hii, ni mmoja:
Masunga, ambaye ukimpiga kanzu
utamkuta mpira unaposhukia,
amesimama, kama anakudai.

Sasa, Masunga na Fikirini hawasemeshani
tangu mfungo wa Rajabu.
Gunia la mkaa. Huyu anasema alilipa,
yule anasema nusu.
Mwajabu, mweka hazina wetu, akashauri niwapatanishe kwanza.
Nikanunua chai, nikanunua maandazi sita.
Walikunywa, kila mmoja akitazama ukuta wake.
Maandazi nilikula mimi.

Alhamisi nikawapanga pamoja, dakika kumi, kujaribu.
"Wangu!"
"Geuka!"
"Nyuma yako, nyuma yako!"
"Acha. Wako."
Fikirini akimwagika, Masunga anateleza kuziba,
hata kabla hajaitwa.
Filimbi ilipolia wakanyamaza,
na jezi ikavuka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule
kupitia mkono wa mtu wa tatu.

Nilicheza namba tano miaka saba
pembeni ya Athumani Ngoda.
Nilijua pumzi yake, bega lake bovu,
nilijua atakohoa kabla ya kona.
Siku ya msiba wake niliulizia njia.
Sikuwa najua anakaa mtaa gani.
Mpaka leo nikitembea na mtu
naacha hatua moja tupu kushoto,
mke wangu huniuliza namwachia nani.

Kitasa hakimpendi komeo.
Kimoja juu, kimoja chini, havigusani,
na mwizi anayesukuma usiku
hajali kama vinasalimiana.

Basi. Nne, Masunga. Tano, Fikirini.
Naandika taratibu, kalamu inagoma kwenye karatasi laini,
nami sina hakika hata kidogo.
Mkaa ni mkaa; dakika ya themanini,
mmoja anaweza kukumbuka.

Simu inaita. Kulwa.
Anauliza kama kesho yumo.
Nyuma yake namsikia Doto
akiuliza swali hilohilo.