Dirisha la Sita

Afisi yetu iko Ruwi, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.
Miaka kumi na moja nimekaa dirisha la sita,
nikila kwa muhuri mmoja wa mpini mweusi
na kidau cha wino wa zambarau.
Tajiri akileta karatasi yake, nagonga.
Neno lililochongwa kwenye mpira ni la Kiarabu;
kwa Kiswahili cha mama yangu ni *mtoro*.

Nagonga, na mtu hugeuka.
Jana akipiga pasi kanzu za watu;
leo pasi yake mwenyewe imo kabatini mwa watu,
na mshahara wake hauna mwenyewe.

Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Msumeno huu nimeupangusa vumbi mie:
meno yako upande mmoja.
Upande wa pili ni laini,
ndiko wanakoshikia.

Jumatatu, saa nne, kaja bwana mmoja wa Al Khuwair.
Karatasi yasema: *hajulikani alipo.*
Na mwenyewe yuko benchini, hatua nane nyuma yake,
kapakata mfuko wa nailoni,
miguu imejaa vumbi la barabara tangu alfajiri,
kaja kushitaki miezi saba bila senti.

Sheria haiulizi yuko wapi.
Yauliza: alitoka kwa ruhusa ya nani?

Kwa ruhusa ya nani, mama yangu
alitoka Unguja usiku, kwa cheti cha jina la shoga yake,
nami tumboni, sina jina wala cheti?
Na babu wa mama yangu, mwenye mikarafuu ya Donge,
neno hili alilijua vyema.
Alilipigia mbiu sokoni,
na zawadi kwa atakayemrejesha.
Nimelirithi pande zote mbili.

Nikafunika kidau.
Nikaufuta muhuri kwa ncha ya shela,
nikauweka mezani, uso juu, kama kombe lisilo kitu.
Nikasema, Huu siugongi.

Akaja Ustadh Mundhir, mkuu wetu, kwa upole wake wote:
“Raya, mwenye nguvu mpishe.”
Nimempisha, ustadh. Kiti hiki hapa.
Sitapiga kelele. Karatasi sitaichana wala kuificha.
Kesho saa moja na nusu nitakuwa hapa kama kawaida,
mkanikate mshahara nimekaa, mnaniona.
Ila mkono huu nilikuja nao kutoka nyumbani.
Tazama daftari la vifaa: haumo.

Dirisha la tano, Pirbakhsh hakusema neno.
Aliutazama muhuri wake, akautia mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo,
akamimina chai.
Sijui kama alikuwa upande wangu
au ilikuwa saa ya chai.

Nilitaka jambo moja tu:
agonge mwenyewe,
na kabla ya kugonga alisome jina kwa sauti,
kama kanuni isemavyo na kama tusivyofanya.

Bwana wa Al Khuwair akatazama saa yake.
Ustadh Mundhir akavaa miwani. Akachovya.
Akainua muhuri kwa mkono wa kulia,
wa kushoto umeshika karatasi,
akasoma kwa Kiarabu safi cha khutba:
“Wakio Mwakisha Mghanga. Hajulikani alipo.”

Kiarabu hakijui yule.
Jina lake analijua.

“Nipo,” akaitika mtu benchini.

Tone la zambarau likadondoka kwenye kikofi cha kanzu yake.
Akasoma tena, polepole,
kama mtu anayetafuta wapi amekosea.

“Nipo, baba. Nipo hapa.”