Hakufika

Mara tatu niliandika kwenye faili lake:
hakufika.
Neno fupi, linatosha kumfuta mtu.
Mara ya nne ningemwondoa orodhani.
Ndivyo kanuni isemavyo,
na mimi kalamu yangu haitetemeki.

Jumanne moja nilikwenda mwenyewe,
Tbilisi ya kaskazini, jengo la namba kumi na saba,
nikaikuta lifti na kisanduku chake cha chuma
kinywa wazi, kikisubiri sarafu.
Sikuwa na chenji. Nikapanda kwa miguu.
Ghorofa ya nne nikavua skafu.
Ya sita nikajishika ukutani,
mimi, wa miaka thelathini na minane, nisiyevuta sigara.
Ya tisa nikasimama mlangoni
nisiweze kutamka jina langu.

Bibi Nazibrola hakuuliza nimefuata nini.
Alinisogezea kiti, akangoja pumzi inirudie,
akangoja kweli,
kama sisi wa kliniki tusivyowahi kumngoja.

"Kushuka ni bure," alisema.
"Kurudi ndiko kunakolipiwa.
Pensheni huja tarehe kumi. Gesi, dawa, mkate.
Ishirini sina hata sarafu moja.
Ninyi huniita ishirini na tano."
Hakuwa akilalamika. Alikuwa akisoma kalenda.
Mezani, vidonge vya presha
amevikata nusu nusu kwa kisu cha jibini.

Nilifungua faili kwenye goti,
nikaongeza silabi moja katikati ya neno langu:
hatukufika.
Mara tatu. Kila tarehe na yake.

Daktari mkuu Shorena aliisoma, akavua miwani,
akasema bajeti haina fungu la lifti.
Nikamjibu bajeti haina magoti.
Tukanyamaza wote wawili.
Kisha akahamisha miadi ya wazee wote wa ghorofa za juu
ikawa tarehe kumi na mbili,
na Ijumaa akanipa mkoba na kipima presha: nenda wewe.

Guram, fundi viatu wa pale chini,
alitundika kopo la sarafu kando ya lifti.
Wiki ya kwanza likaibwa, kopo na sarafu zake.
Akatundika jingine.
Watoto wa shule hulitikisa wakipita, wasikie kama limo kitu,
na likiwa kimya huenda kuwaambia mama zao.

Jana Bibi Nazibrola alikuja kliniki.
Alichelewa dakika arobaini,
koti limefungwa vifungo vya upande,
akauliza choo kiko wapi kabla ya salamu.
Nimeandika saa aliyofika.