Daftari la Kodi

Lilikuwa ndani ya kopo la Kimbo, juu ya kabati,
pamoja na vifungo, meno mawili ya nani sijui,
na risiti ya baiskeli iliyoibwa zamani.
Daftari la kodi la nyanya yangu, Zenabu binti Farajala:
nyumba ya vyumba saba, Majengo, udongo na madebe,
mlango mmoja wa kutolea bibi harusi na jeneza.

Nusu ya kwanza ni herufi za Kiarabu.
Nikampelekea Maalim Sudi. Akadai chai ya maziwa kwanza,
kisha akasoma kama mtu anayevuta uradi:
Cha kwanza, Okwaro wa reli, shilingi kumi na mbili.
Cha pili, Nakimuli, kalipa kuku.
Cha tatu, Ndirangu, muuza makaa.
Cha nne, Chisale Mnyasa, mpishi, kalipa na sukari juu.

Kila mmoja alikuja na sanduku la bati
na jina la mto wa kwao.
"Nakaa mwaka mmoja tu," walisema,
kisha wakapanda maboga uani.

Maalim akafunua ukurasa, akanyamaza, akanywa.
Aprili, hamsini na nne.
Cha tatu: hayupo.
Mei: hayupo. Juni: hayupo.
Miezi sitini na nane ya neno hilo,
na chumba hakupangishwa mtu.
Nyanya, aliyeweza kukudai senti tano matangani,
alifagia chumba kitupu kila Ijumaa.
Halafu: Karudi. Hana kiatu. Asidaiwe mpaka mvua ipite.

Desemba ya bendera ina mstari mmoja:
Mwezi huu sikudai mtu.

Baada ya hapo herufi zinageuka. Za Kirumi, kubwa, zimepinda,
kama kuku amepita na miguu ya tope.
Serikali mpya ilisema tusome; akaenda ngumbaro,
akakaa dawati moja na Ndirangu.
Hapa sikumhitaji Maalim.
CHISALE KAFATA KARATASI. KAULIZWA KWENU WAPI.
Miaka thelathini na moja ya kukaanga mayai Muthaiga,
watoto wanne wa hospitali ya Pumwani,
mke aliyezikwa Lang'ata.
Na chini yake, kwa penseli:
KWAO CHUMBA CHA NNE.

Karani hakulisoma hilo.
Chisale alifunga sanduku, akatuachia visu vyake.
Mpangaji wa jana, alikuwa akisema nyanya,
ndiye mkali wa kumuuliza mgeni katoka wapi.
Alisema hivyo akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho,
na mimi nikidhani anasema habari za choo.

Nyumba ilikuja kuvunjwa. Tulipewa ghorofa ya tatu,
bomba ndani ya nyumba na hakuna pa kupanda boga.
Mwaka juzi nililibeba daftari ofisi ya usajili,
maana mwanangu amefika umri wa kitambulisho
na wazee wa kamati walitaka kujua babu wa babu yake.
Afisa, kijana wa heshima, aliligeuza, akalinusa.
"Mama, hii si hati. Hii ni kodi tu."
Penye kabila akaandika: Wengineo.
Nikamwambia asante. Bado najiuliza kwa nini.

Jumamosi amekuja mwanamke kutoka Bukavu,
cherehani kichwani, tepu ya kupimia shingoni.
Ameangalia chumba changu cha nyuma, amegonga ukuta,
ameuliza maji hutoka saa ngapi.
"Nakaa mwaka mmoja tu," amesema.
Nimecheka mpaka akataka kuondoka.

Zilikuwa zimebaki kurasa tatu.
Nimeandika: Cha nyuma, Nabindu.
Amesoma kutoka begani mwangu.
"Si hivyo," amesema, akaichukua kalamu,
akakata D, akaweka T,
akakandamiza mpaka ukurasa wa chini.