Mimi Si Jina

Saa mbili na ushei za usiku, Panevėžys, theluji,
ndiyo kwanza nimefungua chupa ya chai
simu ikalia.
Mama Vaidilutė, fundi wa kodiani,
nyuma ya kiwanda cha sukari.
Hakufoka. Angefoka ningejua la kumjibu.
"Nimemwandikia mteja mara nne," akasema,
"kodiani yako imepona, njoo uichukue.
Kimya. Kumbe naliandikia jalala."

Nikafungua daftari la seva.
Mashine moja, wapangaji mia tatu na kumi na wawili,
wote wanatokea mlango mmoja, namba moja ya nyumba:
daktari wa meno, chama cha wafuga nyuki,
kwaya ya wastaafu, yeye na kodiani zake,
na bwana mmoja wa chumba cha ndani
ambaye Jumanne, watu wamelala,
alituma barua elfu arobaini za vidonge vya kupunguza tumbo.
Kulipokucha namba yetu ilikuwa kwenye orodha nyeusi.
Aliyekula mmoja,
waliotapika mia tatu na kumi na mmoja.

Bwana yule nilimfukuza.
Wenye orodha niliwaandikia, nikaomba radhi
kwa dhambi isiyo yangu, kwa adabu, kama mshenga.
Lakini kusafisha namba si kusafisha jina.

Mama, nikamwambia, sikiliza.
Barua ikifika kwa watu hupiga hodi.
Mlinzi huuliza, Nani?
Na yako miaka yote hii ilikuwa ikijibu, Mimi.
Mimi nani? Mwizi naye ni mimi.
Mimi si jina.

Tukaanza. Alikuwa na kalamu, niliisikia ikikwaruza.
Tulitundika hadharani wanaoruhusiwa kubeba barua zake:
seva yetu, na duka la malipo, basi,
mwingine yeyote mzushi.
Kisha muhuri. Ufunguo mmoja nikauficha kwangu,
mwenzake ukabandikwe nje kila mtu auone;
barua ikiguswa njiani, hata koma moja, muhuri unakataa.
Kisha amri kwa walinzi wa mbali:
isiyo na muhuri iwekeni kando, mniarifu.
Halafu namba yenyewe. Ikiulizwa, wewe nani,
itaje jina lilelile ililolitamka mlangoni.

Hilo lilikuwa kosa langu.
Miaka miwili namba ilikuwa ikiulizwa
na inataja jina la seva tuliyokwisha kuizika.
Sikumficha.
Akasema, "Hm."

"Na kile kichwa cha barua," nikaongeza kujitetea,
"KODIANI YAKO TAYARI, herufi kubwa, alama tatu za mshangao..."
"Nilikuwa nimefurahi," akasema.
Nikanywa chai yangu.

Tukatuma ya majaribio kwa dada yake.
Dakika. Dakika ya pili.
Ikatua kikashani, mbele kabisa, juu ya bili ya umeme.

Ningekata simu hapo. Sijui kwa nini niliuliza:
"Na kapu lako wewe la barua taka, huwa unalifungua?"
"La nini? Limejaa uchafu."
"Lifungue tu."

Kipanya kikabonyea, kikabonyea,
kisha sikusikia kitu.
Katikati ya vidonge na urithi wa wafalme wasiokuwepo
alikuwamo Bronislovas wa Rokiškis, mara saba.
Ya kwanza: Kodiani yangu inaendeleaje?
Ya nne: Harusi ya binti yangu ni Jumamosi.
Ya saba, ya juzi: Tulicheza kwa makofi, usijali.
Lakini imepona?

Alinisomea zote, polepole,
kama mtu anayehesabu chenji.
Nikamwambia, mjibu sasa, itafika, naapa itafika.
"Hapana," akasema. "Huyu nitampigia."

Akaiweka simu mezani, akasahau kuikata.
Nikasikia namba zikibonyezwa kwenye simu nyingine,
sauti ya mwanamume, usingizi mtupu, "Nani?"
Hakutaja jina.
Mvukuto ukavuta pumzi,
kisha noti moja, ndefu, safi.